Meza ya Vizibo na Kidole cha Fundi Ochieng'

Siku ya kuniaga mlinipa saa ya ukutani, keki iliyoandikwa jina langu kwa makosa, na hotuba nne. Zote nne zilinisifu kwa uvumilivu. Mtu akistaafu akasifiwa uvumilivu, jueni kwamba hakuna aliyekumbuka kazi aliyoifanya. Nimekaa nyumbani Manyatta wiki tatu sasa, nami nimeona afadhali niandike mwenyewe kuliko kuwaachia nyinyi mliobaki katika chumba cha mazoezi mwelezane habari zangu. Najua mtakachoambiana. Sista Pamela? Si yule mama wa kuchezesha wagonjwa mpira wa vizibo?

Ndiyo, ni mimi. Na kwanza, mimi si sista. Sikuwahi kuwa muuguzi wala mtawa. Wagonjwa wa Kisumu humwita kila mwanamke aliyevaa koti jeupe Sista, na kila mwanamume aliyevaa koti hilo Daktari, hata kama amekuja kurekebisha taa. Niliacha kuwasahihisha mwaka wangu wa kwanza.

Kazi yetu mnaijua, ingawa wengine wenu bado mnashindwa kuwaeleza mama zenu. Mtu aliyeumia mkono akishashonwa au kufungwa plasta, sisi ndio tunaomfundisha kuutumia tena. Daktari wa upasuaji hushona kwa saa mbili, akatajwa kanisani katika shukrani. Sisi hukaa na mkono huo miezi minne na hakuna anayejua tunaitwa nani.

Siku ya kwanza nilionyeshwa chumba kilichobanwa kati ya dobi na stoo ya vitanda vibovu. Vifaa vilikuwa beseni la maharagwe, vibanio vya nguo kumi na viwili, mpira wa tenisi uliopasuka, na bango ukutani lenye picha ya mzungu mwenye tabasamu akifinya sponji. Sijawahi kumwona mgonjwa yeyote akitabasamu vile. Mgonjwa wangu wa kwanza alikuwa mama muuza omena aliyekuwa amevunjika kifundo cha mkono. Nilimpa ule mpira, nikamwambia aufinye mara hamsini.

Alifinya mara sita, akauweka mezani.

"Nyathina," akaniambia, kwa kuwa ningeweza kuwa mtoto wake, "nimetoka mpaka Dunga, nimeacha omena yangu kwa jua, nikuje kufinya hii kitu?"

"Ni ya kusaidia mkono, Mama."

"Mkono yangu haitaki kufinya. Inataka kazi."

Akajifunga leso yake akaenda zake. Hakurudi. Nilimwandika kwenye faili kuwa mgonjwa asiyefuata maagizo. Ndivyo tulivyofundishwa chuoni: mgonjwa akichoshwa na upuuzi wako, kosa ni lake.

Aliyenitoa katika ujinga huo alikuwa Mzee Zablon, fundi wetu wa splinti. Yeye ndiye aliyekuwa akilainisha zile karatasi za plastiki katika maji moto na kuzikunja zishike mkono uliovunjika au ulioshonwa. Hakuwa na cheti cha maana, na hakuna mtu katika hospitali ile aliyekosa kutukanwa naye. Asubuhi moja alinishika bega akanigeuza nitazame benchi la kusubiri. Wagonjwa wawili walikuwa wameweka vizibo vya soda juu ya benchi, wanavifyatua kwa vidole, wakijaribu kusukumia kifungo cha shati kati ya viatu viwili vilivyokuwa goli.

"Umeona?" akaniuliza.

"Nimeona wanacheza."

"Basi hujaona kitu. Yule wa kushoto jana alikwambia nini?"

Nikakumbuka. Yule wa kushoto alikuwa amenililia kwamba kidole chake hakinyooki hata kidogo. Sasa kidole hicho kilikuwa kinanyooka kila baada ya sekunde kumi, na mwenyewe hakuwa na habari. Alikuwa anabishana kuhusu bao.

Wiki hiyo Zablon akatengeneza meza. Alichukua kipande cha plaiwudi, akakivutia shuka la kijani lililotupwa na chumba cha upasuaji, akachora mistari kwa chaki ya fundi cherehani. Magoli yalikuwa ya waya na vipande vya neti ya mbu. Kila timu ilikuwa na vizibo vitano, akavijaza nta ya mshumaa ndani ili viteleze bila kupinduka, na kipa akawa kibiriti kilichojazwa mchanga. Mpira ulikuwa kifungo cha koti langu. Sheria hazikuwa nyingi. Unafyatua kwa kidole, husukumi. Kizibo chako kikigonga cha mwenzako kabla ya kugusa mpira, zamu ni yake. Ukibishana na refa, unakosa zamu. Refa alikuwa Zablon, na alikuwa mbaya kuliko wote niliowahi kuwaona uwanjani.

Lakini chini ya mchezo kulikuwa na utaratibu, na huo ndio ninaotaka muushike, si vizibo. Mgonjwa mwenye mshono mpya husogeza kizibo kwa mgongo wa mkono tu, na kwake hiyo si kosa. Baadaye huruhusiwa kukigusa kwa ncha ya kidole. Kufyatua kwa nguvu, kwa kukibana kidole chini ya gumba na kukiachia, ni mwisho kabisa. Aliyeshonwa kano, zile kamba zinazonyoosha vidole, hafyatui kabla ya wiki ya kumi. Kano iliyoshonwa inaonekana nzima kabla haijawa nzima. Zablon alinifundisha jambo hilo kwa maneno ambayo siwezi kuyaandika.

Hospitali ilitucheka. Mfamasia alipita kila siku kuuliza nani anaongoza ligi. Daktari mmoja kijana, aliyekuwa hajui kufunga bandeji isianguke, aliniuliza kama kidato cha nne nilipita. Nikamwonyesha wagonjwa wangu: walikuwa wanakuja kabla ya saa mbili, wanagombania meza. Wa kwake walikuwa wanatoroka kwa dirisha.

Nitawaeleza mmoja tu wa miaka hiyo, kwa sababu alinifurahisha kwa ubaya wake. Alikuwa hakimu mstaafu wa Milimani aliyepigwa na kiharusi, mkono wa kulia umekunjamana kama jani la mgomba lililokauka. Alikuja amevaa tai, dereva akimbebea mto wa kukalia. Nikampanga acheze na Kevo, kijana wa bodaboda wa huku kwetu Manyatta aliyekuwa amevunja mkono katika mzunguko wa barabara.

"Mimi sikuja hapa kucheza vizibo na mwendesha pikipiki," akasema Hakimu.

"Sawa tu, Mzee," Kevo akajibu. "Hata mimi ningekuwa wewe ningeogopa."

Ikatosha. Hakimu akaketi. Dakika kumi baadaye alikuwa anakisukuma kizibo chake kwa kiganja mpaka golini.

"Hiyo ni kusukuma, Mheshimiwa," nikamwambia.

"Nimefyatua."

"Umesukuma, Mzee. Kila mtu ameona," Kevo akasema.

"Kijana, nimekuwa nikitafsiri sheria tangu kabla hujazaliwa. Hapa neno kufyatua halijafafanuliwa."

Zablon akamnyang'anya zamu. Hakimu akadai rufaa. Kwa miezi mitatu mtu yule alikuja mara mbili kwa wiki, akaiba kila mechi, na mwisho akaweza kufunga vifungo vya shati lake bila mkewe. Mtaani kwake akawaambia watu kuwa amepona kwa vidonge alivyoletewa na mwanawe kutoka ng'ambo. Kevo alimtetea. Mimi hadi leo sijamsamehe.

Zablon alistaafu, na kwa bahati yake akakosa kuona yaliyofuata.

Yaliyofuata yalianza tulipoletewa mkuu mpya. Jina lake liacheni. Alikuwa daktari ambaye hakuwa amemgusa mgonjwa kwa muda mrefu, na alitembea hospitalini kama mtu anayetafuta mahali pa kusimama apigwe picha. Siku moja aliingia chumbani kwetu na wageni wawili wa shirika fulani. Wageni waliona meza, wakapiga magoti, wakafyatua kizibo, wakacheka. Mkuu akatazama wanavyocheka, akaniuliza mbele yao, "Hii ni ubunifu wetu, siyo?" Nilikuwa nimefanya kazi na meza ile miaka mingi, naye tangu aletwe sikuwahi kumwona akiingia mlangoni. Nikajibu, "Ndiyo, Daktari."

Jibu langu lilikuwa hilo, na nyinyi msijidanganye kwamba mngejibu tofauti.

Baada ya miezi michache maboksi yakafika. Ndani mlikuwa na mchezo wa dukani hasa, wa ng'ambo: kitambaa laini cha uwanja, magoli ya plastiki, na wachezaji wadogo waliosimama juu ya vitako vya mviringo, wanayumbayumba ukiwagusa kama walevi wanaotoka harusini. Kila mmoja alipakwa rangi ya jezi na kuchorwa nywele. Vitako vilikuwa vizito kuliko vizibo vyetu, na kumsogeza mchezaji kulihitaji kidole chenye nguvu kamili. Nilimweleza Mkuu kwamba kwa mkono mgonjwa vizibo ni bora. Akaniambia wafadhili hawawezi kupiga picha na takataka. Mradi ukapewa jina, Vidole vya Matumaini, ukachapishiwa fulana. Meza ya Zablon ikapelekwa kwenye ile stoo ya vitanda vibovu.

Wakati huo nilikuwa na mgonjwa aitwaye Ochieng', fundi wa mashua wa Dunga. Alikuwa akichonga ubavu wa mashua kwa tezo, tezo ikateleza ikampiga mgongo wa mkono wa kushoto na kukata kano za vidole viwili, cha kati na cha shahada. Daktari wetu wa upasuaji, mama mmoja mkali wa maneno machache, alimshona vizuri sana. Ochieng' alikuwa mgonjwa wa aina ambayo hupatikana mara moja kwa miaka mitano. Ukimwambia splinti isitoke, haitoki hata akioga. Alikuwa ananiuliza, "Sista, hii kidole itashika ubao lini?" nami namjibu tarehe, naye anaiandika kwa penseli kwenye ukuta wa karakana yake.

Uzinduzi wa mradi ulipangwa alipokuwa katika wiki ya sita. Hema lilipigwa uani, viti vikavalishwa vitambaa, akaletwa mpiga picha. Mkuu alitaka mgonjwa wa kuonyesha. Hakimu angefaa, lakini alikuwa hataki kujulikana. Siku ile Ochieng' alikuwa amekuja kliniki, akiwa mrefu, mcheshi, na fulana ya mradi ikamkaa vizuri. Mkuu akamchagua kwa macho.

Nikamvuta Mkuu pembeni. "Daktari, huyu yuko wiki ya sita. Hafai kufyatua kabla ya kumi."

"Sista, ni mwanasesere wa plastiki, si jiwe."

"Anaweza kusogeza tu. Kwa mgongo wa mkono."

"Basi asogeze. Mtoe hiyo plastiki mkononi, inatisha watu."

Ningeweza kukataa. Nimefikiri sana juu ya dakika ile, na sioni kitu chochote kilichonizuia isipokuwa viti vilivyovalishwa vitambaa na watu waliokaa juu yake. Nilifungua mikanda ya splinti kwa mikono yangu mwenyewe. Nikamwambia Ochieng' kwa sauti ya chini, "Sogeza tu, baba. Usifyatue." Akaitika.

Akasogeza. Mchezaji akayumba, akaanguka kifudifudi. Wageni wakatoa sauti ya huruma, ile inayotolewa kwa mtoto aliyedondosha biskuti. Mpiga picha akashusha kamera.

"Kwa nguvu, fundi!" Mkuu akasema kwenye kipaza sauti. "Wewe si mtu wa kujenga mashua? Waonyeshe!"

Ochieng' akanitazama. Alikuwa ananiuliza. Nami nikatazama meza.

Akabana kidole cha shahada chini ya gumba, akafyatua. Mpira ukaenda moja kwa moja wavuni. Hema zima likalipuka kwa makofi, kamera ikawaka, Mkuu akainua mkono wa Ochieng' juu kama wa bondia. Mkono ukiwa juu hivyo niliona kidole cha shahada kikishuka polepole, kikaning'inia, na cha kati kikafuata nusu.

"Sista," Ochieng' akasema, bado akitabasamu kwa ajili ya wageni. "Kuna kitu imekatika."

Watu walikuwa bado wanapiga makofi.

Jioni ile Mkuu aliniita ofisini. Hakuketi. Aliniambia ni bahati mbaya, kwamba kano hukatika wakati wowote, kwamba wanaume wa Dunga hawawezi kukaa bila kubeba kitu. Kisha akaniambia la kuandika: mgonjwa amekiri kubeba mzigo nyumbani kinyume cha maagizo. Nikaandika. Nikatia sahihi. Kalamu ilikuwa nzuri, nakumbuka, ya mradi.

Siku tatu baadaye yule mama wa upasuaji alimwita Ochieng' kumtayarisha kushonwa mara ya pili. Nilikuwa pale kumshikia mkono. Akafungua faili, akasoma, akavua miwani.

"Kwa hivyo ulibeba mzigo. Kazi yangu ya saa mbili ukaitupa ziwani."

"Sijabeba kitu, Daktari."

"Imeandikwa umekiri."

"Nani amekiri? Mimi?"

"Mwanaume mzima, mwenye watoto, hawezi kukaa wiki kumi kama alivyoambiwa? Kuna watu wanalilia hiki kitanda."

Alimkemea mbele ya wauguzi wanne na wagonjwa wawili. Ochieng' hakujitetea tena. Aligeuza kichwa akanitazama, na safari hii sikupata meza ya kutazama.

"Alifyatua kwenye uzinduzi," nikasema. "Mimi ndiye niliyefungua splinti. Maneno ya kwenye faili ni ya uongo na sahihi ni yangu."

Yule mama akalifunga faili. Kisha akamwambia Ochieng', "Pole, Baba. Nimekukosea." Mimi hakuniambia kitu, siku ile wala mwaka mzima uliofuata, na alikuwa na haki.

Nikaandika barua. Ikaundwa kamati, maana hospitali yetu haijui kufanya lolote bila kamati na sambusa. Watu watano waliniuliza maswali kwa saa moja.

"Una hakika kano ilikatika pale, si nyumbani?" mmoja akauliza.

"Nilikiona kidole kikianguka."

"Wewe si daktari wa upasuaji."

"Hata mpishi angekiona."

Uamuzi ulikuwa kwamba kulikuwa na upungufu katika mawasiliano. Faili lingerekebishwa kwa wakati ufaao. Mkuu alishauriwa kwa maneno, na baada ya miezi michache akahamishiwa kaunti nyingine kwenye ofisi kubwa zaidi. Nasikia huko ameanzisha mradi wa ngoma. Mimi nilipelekwa stoo ya mashuka ili nipumzike. Nilipumzika miezi minane, nikijifunza kutofautisha shuka la wodi ya watoto na la wodi ya wazee kwa harufu.

Lakini Ochieng' alikuwa ameshonwa upya, na waliobaki chumbani kwetu walikuwa vijana wawili waliojua mradi na hawakujua mkono. Basi Jumamosi ya kwanza nikaenda Dunga.

Karakana yake ni mabati juu ya nguzo, hatua chache kutoka mahali mashua zinaposhushia samaki. Mashua moja ilikuwa imesimama nusu, upande mmoja umepigwa mbao, wa pili mbavu nje, tangu siku ya tezo. Alikuwa ameketi kwenye gogo, splinti mkononi.

"Umekuja kuangalia kazi yako?" akaniuliza.

"Nimekuja kufanya mazoezi ya huo mkono."

"Umeleta hizo vitu zenu za kucheza?"

"Sikuleta."

"Afadhali. Ungeleta ningetupa kwa maji."

Nilikaa chini nikaushika mkono wake, nikaanza upya kutoka wiki ya kwanza kama vile hatukuwahi kuonana. Kila Jumamosi nilikwenda. Mwanzoni hakunisemesha ila kuhusu kidole. Wiki ya saba nilileta beseni na maharagwe, nikamwona akiyatazama kama nilivyomwona yule mama wa omena akiutazama mpira wangu wa tenisi miaka mingi nyuma. Nikayarudisha kwenye mfuko kabla hajasema.

"Mashua ikishapigwa mbao, inafuata nini?" nikamuuliza.

"Kuziba. Unaweka pamba kwa nafasi ya mbao, maji isiingie."

"Nionyeshe."

Akavuta gunia la pamba. Pamba hupindwa iwe kama uzi mnene, ikalazwa kwenye nafasi kati ya ubao na ubao, kidogo kidogo, kisha ikaachiwa. Hapo kwenye kuachia ndipo nilipoona. Kila alipoachia pamba, vidole vyake vilifunguka vyenyewe, kidogo, bila nguvu, bila kuhesabiwa na mtu. Kazi niliyoitafuta kwa vizibo na chaki na sheria ilikuwa imelala kwenye gunia karakanani kwake tangu alipojifunza ufundi. Sikuwahi kumuuliza. Miaka yote ile niliwadharau waliopenda maboksi yao, na mimi nilikuwa nimeipenda meza yangu kwa namna ile ile.

Tukaziba. Mimi nilipewa kushika ubao. Niliushika vibaya.

"Sista, unashika kama mtu ameshika nyoka."

"Ni mzito."

"Ni ubao tu, si jiwe," akasema, akanitazama kuona kama nimesikia maneno ya Mkuu, ambayo kumbe siku ya uzinduzi yalimfikia. Nilisikia. Ndipo kwa mara ya kwanza akacheka, si kicheko cha kunisamehe, kicheko cha mtu aliyelipiza kidogo.

Wiki ya kumi na mbili aliruhusiwa kushika patasi. Wiki ya kumi na nane mashua ile ikaingia majini, na sikualikwa. Nilisikia kwa wauza samaki. Nilisikitika siku moja, kisha nikajiambia nilikuwa nataka nini, hotuba?

Nilirudishwa chumbani kwetu baada ya vijana wale wawili kuondoka na fulana zao. Wanasesere wa ng'ambo walikuwa wamevunjika miguu wengi, wakafungiwa kabatini. Meza ya Zablon niliitoa stoo, nikaifuta vumbi, na ndiyo hiyo mnayoitumia. Itumieni. Lakini kila mgonjwa mpya muulizeni kwanza anafanya kazi gani na anaifanyaje, mkamsikilize hadi mwisho, ndipo mguse kizibo.

Ochieng' alikuja mara ya mwisho kupimwa. Nikachukua kipima pembe, nikapima kila kiungo. Kisha nikafungua faili lake ili niandike. Yale maneno yalikuwa bado pale, hayajaguswa: amekiri kubeba mzigo nyumbani. Kamati ilikuwa imemaliza sambusa ikaondoka. Nikaweka tarehe ya siku ile chini yake, nikaanza kuandika. Niliandika muda mrefu. Ochieng' akachoka kusubiri.

"Unaandika nini refu hivyo?"

"Nimeandika kwamba kidole cha kati kinanyooka chote. Cha shahada kinafika nusu, na hakitapita hapo."

"Hiyo najua."

"Nimeandika pia kwamba hukubeba mzigo wowote nyumbani. Kano ilikatika hapa, mbele yetu, kwa sababu nilikufungua splinti kabla ya wakati na nikakuacha ufyatue. Na kwamba yale maneno ya juu ni ya uongo, na niliyeyatia sahihi ni mimi."

Nje ya mlango, kwenye benchi, walikuwa wamekaa wagonjwa saba au wanane, mikono yao imening'inizwa shingoni kwa vitambaa. Ochieng' akainuka, akaufungua mlango wazi kabisa, akarudi akaketi.

"Soma tena," akaniambia. "Polepole. Na hawa wa kwa benchi pia wasikie."

Nikasimama, nikasoma.